Hodi ya Wahawaii

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu hodi ikipigwa, aliye ndani anaitikia, hata kama yuko bafuni na sabuni machoni. Mgeni akipiga mara tatu bila jibu, anageuza njia anarudi kwao. Naomba hilo mlishike kabla hamjanihukumu kwa yaliyotokea London siku nilipowabeba wanafunzi wa Hawaii.

Kazi yangu ni kuendesha basi dogo la wageni. Hawa walikuwa vijana wa chuo kutoka Honolulu pamoja na mwalimu wao, mama wa makamo waliyemwita Kumu, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kwao. Mimi nilikuwa Anko tangu uwanja wa ndege. Huko kwao kila mtu mzima ni anko au anti, basi tukaelewana mapema.

Hawakuja kupiga picha na Big Ben. Walikuwa wanafuata nyayo za mfalme wao Liholiho, yaani Kamehameha wa Pili. Novemba 1823 alipanda meli ya wavuvi wa nyangumi na malkia wake Kamāmalu, wakafika Portsmouth Mei 1824 ili waonane na Mfalme George wa Nne. London iliwapapatikia. Wakapewa hoteli eneo la Adelphi, kando ya Strand, wakapelekwa kutazama tamthilia Covent Garden. Kisha ikaja surua, ugonjwa ambao visiwani kwao ulikuwa haujawahi kufika. Malkia alifariki tarehe 8 Julai, mfalme tarehe 14, na huyo George hawakumtia machoni. Binti mmoja ukoo wao ulikuwa na mtu kwenye msafara ule, na mtu huyo ndiye aliyerudi nyumbani na majeneza katika manowari Blonde. Alinisimulia huku anakula chipsi, kama mtu anayesimulia jambo la juzi.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mjuzi wa historia aliyeahidi kutupokea saa nne kwenye jengo fulani hapo Adelphi. Simu ikasema tumefika. Nikasimama juu ya mistari miwili ya manjano, ile inayokataza kuegesha, kwani palikuwa hapana pengine, wakashuka, wakajifunga vitambaa vyao lubega, wakajipanga mbele ya mlango. Kumu akaanza kuimba.

Kwao mgeni wa heshima haingii tu. Anasimama nje, anaimba kuomba ruhusa, anajitaja ni nani na katoka wapi, halafu anangoja mwenyeji amjibu kwa wimbo. Na yule mama ana sauti! Njiwa waliruka wote. Pazia likafunguka kidogo, jicho likachungulia, pazia likarudi.

Kimya. Akaimba tena. Manyunyu yakaanza. Akaimba mara ya tatu, na hapo kwenye kona akatokeza askari wa maegesho na kimashine chake. Vijana wamelowa, mama anangoja, na ndani watu wapo! Roho yangu ya Kitanga ikashindwa. Nikashusha kioo nikapaza sauti, "Karibuni! Piteni ndani, karibuni sana!"

Kumu akanigeukia, akainamisha kichwa kwa heshima, wakaingia. Nami nikashuka nikawafuata, maana huwezi kumkaribisha mtu halafu ukabaki kwenye gari.

Ilikuwa kliniki ya meno.

Binti wa mapokezi alikuwa tayari ameshika simu mkononi. "Mna miadi?" akauliza, sauti inatetemeka.

"Tunayo," akajibu kijana mmoja mtundu. "Tangu 1824."

Kwa mshangao wangu akaanza kuitafuta kwenye kompyuta.

Kumu yeye alishaendelea na wimbo wa nasaba, mababu kwa majina yao. Mlango wa ndani ukafunguka akatoka mzee wa Kiingereza, kitambaa cha plastiki kifuani, mdomo upande mmoja umelala kwa ganzi. Alitaka kuuliza kuna nini. Kilichotoka ni irabu tupu, ndefu ndefu, karibu kama Kihawaii chenyewe, "Aaa oo ii auee?" Wanafunzi wakaduwaa. Yule binti wa chipsi akaninong'oneza, "Anko, matamshi yake yananishinda mimi." Kumu akamvika mzee shada la maua shingoni. Mzee akalia machozi, ingawa kwa jicho moja.

Daktari alikuwa muungwana. Alimpa kila mmoja mswaki.

Mlango tuliokuwa tukiutafuta ulikuwa wa pili yake. Mama wa historia alikuwa amesikia kelele, akadhani ni wanamuziki wa barabarani, akafunga dirisha ili asikie vizuri tukibisha.

Mchana tukaenda kanisa la St Martin-in-the-Fields, ambako miili ilihifadhiwa kwenye vyumba vya chini kabla ya kusafirishwa. Siku hizi huko chini kuna mgahawa. Kumu akasimama penye ngazi akaomba ruhusa tena, safari hii kwa sauti ndogo, na jibu likaja papo hapo kutoka kaunta: "Anayefuata!"

Tulipokuwa tunakunywa supu nikamwonyesha karatasi ya faini ya maegesho. Aliisoma yote, akatoa daftari la matumizi ya safari, akaiandika chini ya "kiingilio".