Mti wa Nyanya Nao Unaomba Pa Kuegemea

Hivi siku hizi kuna kitu kinachosimama chenyewe? Nauliza tu. Miti nimenunua ishike nyanya, leo asubuhi nakuta nyanya ndizo zimeishika miti.

Chanzo ni hizi nyanya aina ya Moneymaker za Mama Neema. Nilimwambia atafute Cal J, nyanya yenye adabu, ikifika kimo chake inatulia. Yeye anataka ndefu. Sasa zinapanda hazina breki, na zikishazaa, uzito ule si wa kijiti cha mshikaki.

Muuza mirunda pale barabarani kaniapia kabisa: "Mzee wangu, mlingoti huu utawarithisha wajukuu." Hakusema wajukuu wa nani. Mchwa wa Kibaha wameurithi hata masika hayajaisha. Ukiutikisa, chini unga mtupu. Jirani yangu fundi anacheka: "Baba Neema, si ungeunguza ncha kwanza ndipo uchimbie?" Huenda ni kweli, ncha ikishika mkaa mchwa wangechelewa kuigusa. Lakini huyu bwana wakati nachimbia alikuwepo, kakalia tofali anatafuna muhogo, kimya!

Weka nondo basi, wakasema. Nondo haiozi. Kweli haikuoza, haikupewa nafasi. Vijana wa chuma chakavu walipita nayo usiku uleule, na kamba zangu wakaniachia, wamezikunja vizuri. Wezi wa siku hizi wana malezi.

Mianzi nayo nikaletewa imekatwa katikati ya pingili, kila ncha kikombe wazi. Mvua ikajaza, mbu wakahamia na familia. Ukikata kwenye kifundo panakuwa pameziba, lakini nani wa kumwambia mkata mianzi kazi yake?

Akaja kijana na fimbo mbichi za mgirisidia, bure. Mita mbili kila moja, nusu mita ardhini, imara hasa. Wiki chache tu, zimechipua! Mbolea naweka ya nyanya, anayenenepa ni mti. Na mbuzi wa mtaani majani ya mgirisidia ndiyo pilau yao: wanakuja kwa mti, wanaondoka na nyanya.

Tuje kwenye kamba. Nailoni inakata shina. Inatakiwa kitambaa laini, ukizungushe kama namba nane, legelege, shina lipate kunenepa. Khanga za Mama Neema haziguswi, nimeshaambiwa na kwa sauti gani sisemi. Zikabaki fulana za kampeni, zipo kabati zima. Nikachana ya mheshimiwa wetu, uso wake ukaangukia kwenye shina lenye mzigo kuliko yote. Tangu tumchague, ndiyo mara ya kwanza namwona anamshika mtu asianguke.

Na kwa mvua ya jana tu, kashaanza kulegea.