Mtandio umenasa kwenye boda, shingo ipigwe picha au iachwe?

Juzi kijiweni Ngamiani watu walibishana kweli. Mama mmoja abiria wa boda, mtandio wake ulinasa kwenye mnyororo barabara ya Pongwe ukamvuta shingo, hospitali wakataka CT skani ya kichwa na nyingine ya mishipa ya damu ya shingo, ile ya kuchomwa dawa mkononi ili mishipa ionekane. Ndugu wakaona wanakamuliwa hela tu, mgonjwa anaongea, anaomba chai, shingo ya nini?

Nawaelewa. Hela ya kipimo ni ya kuchanga, mionzi ipo, ile dawa mwenye figo mbovu lazima aangaliwe nayo. Na picha nayo inakosea, mtu anaambiwa mshipa umechanika kumbe mzima, anapewa dawa ya kuzuia damu isigande na huku kichwani anavuja. Tena kwenye majeruhi 100 waliogongwa vibaya wenye mshipa wa shingo uliochanika ni kama 1 au 2 tu.

Lakini jamani huyo mmoja ndo ananiuma. Mshipa unachanika kwa ndani, nje huoni kitu, damu inaanza kuganda pale kwenye mpasuko, siku donge liking'oka linapanda kwenye ubongo. Mara nyingi kiharusi kinakuja masaa 10 hadi 72 baada ya ajali. Hebu zihesabu hizo saa: umeanguka Jumatatu saa 3 asubuhi, jioni unakula wali na wanao, Jumanne unapokea wageni wa pole, Jumatano alfajiri mkono wa kulia hauinuki na mdomo umepinda. Siku mbili nzima aspirini ya bei ya chini kabisa ingeweza kukukinga, ila nani akupe wakati hakuna aliyeangalia?

Sisemi kila aliyechubuka goti apigwe picha ya shingo. Madaktari wana vigezo vya Denver, orodha ya kuamua nani apigwe picha ya mishipa ya shingo, vinataja mifupa ya juu ya shingo kuvunjika, kitako cha fuvu kupasuka, uso kupondeka, shingo kukabwa na kamba au nguo. Na hata hivyo wapo wanaokutwa mshipa umechanika bila dalili hata moja ya hizo. Altrasaundi nayo ni rahisi sawa, ila kule juu karibu na fuvu haifiki.

Shemeji wa yule mama alitoa simu akatuonyesha picha. Alama nyekundu imezunguka shingo, pana kama kidole, na chini ya taya la kushoto pamevimba. Hapo mi ningechanga.