Mfalme Mnyonya Damu Simlilii

Wiki mbili zilizopita, usiku wa manane, binti wa dada yangu alinigongea mlango wa chumba analia. Nikaruka kitandani nikijua kuna msiba. Alikuwa kashika kitabu kifuani. "Ma'mdogo, mfalme kafa."

Ni ule mfululizo wanaopokezana darasani kwao mpaka majalada yamechanika: London ya karne ya 18, binti mwizi anayetembea juu ya mapaa ya nyumba, mzuka wa kaka yake unaomfuata kila aendako, na ukoo wa kifalme unaoishi kwa damu ya watu. Nilimbembeleza akalala. Asubuhi nikakichukua kitabu cha kwanza, na siku nane baadaye nilikuwa nimevimaliza vyote vitatu.

Sitavisema vibaya kwa kila kitu. Yule mwizi anajua kufuli, na njaa yake unaisikia tumboni mwako. Mzuka wa kaka mtu nao nimeupenda, maana unadai kitu, na marehemu wa hadithi asiyedai kitu ni pambo tu.

Kilichonikera kiko kitabu cha pili. Mfalme anaamka na kiu. Kijakazi anaingia na jagi la maji ya kunawa, mikono yake imepasuka kwa baridi na sabuni kali. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa hiyo mwandishi alimwona, aliiona mpaka mikono yake. Mistari sita baadaye yuko sakafuni, amekufa. Kisha zinafuata kurasa kumi na tisa, nimezihesabu, za majuto ya mfalme: upweke wake, karne zake za huzuni, uzuri wake akiwa dirishani. Na anayemfuta machozi ni yule binti mwizi. Binti wa mitaani, ambaye yule kijakazi angeweza kuwa dada yake!

Hapo nilifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani muda mrefu.

Mnyonya damu hakuanza akiwa mfalme. Petar Blagojević, aliyefukuliwa na wanakijiji wenzake huko Kisiljevo, Serbia, mwaka 1725 na kuchomwa kigingi moyoni, alikuwa mkulima. Waliomvika vyeo ni waandishi. John Polidori, katika hadithi yake ya mwaka 1819, alimfanya lodi wa Kiingereza, na Bram Stoker, katika riwaya yake ya mwaka 1897, akaazima jina la Dracula kutoka kwa Vlad, mtawala wa Wallachia (sehemu ya Romania ya leo) wa karne ya 15, ambaye hata hao aliowatawala hawakumjua kama mnyonya damu. Mimi uamuzi huo siupingi. Naona ndio jambo la kweli kuliko yote ambayo hadithi hizi zimewahi kufanya. Ukimpa mwenye ngome meno marefu, umesema wazi anaishi kwa nini.

Maana wafalme wamewatumia kweli watu kama dawa. Charles wa Pili wa Uingereza alinunua fomula ya dawa ya maji iliyotengenezwa kwa mafuvu ya vichwa vya binadamu, akawa anaitengeneza mwenyewe katika maabara yake, mpaka watu wakaiita Matone ya Mfalme. Alipokuwa anakata roho, Februari 1685, madaktari wake walimpa hayo hayo. Maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za kale kutoka Misri kwa jina la mumia. Huko Denmark na Ujerumani wagonjwa wa kifafa walisogea penye jukwaa la kukatia watu vichwa, wakanywa damu ikiwa bado ya moto. Na miili ambayo madaktari waliipasua ili kujifunza ilitoka wapi? Mwaka 1540 Henry wa Nane aliwapa madaktari wa upasuaji wa London miili minne kila mwaka ya wahalifu walionyongwa, na mwizi naye alikuwa akinyongwa.

Sasa mtazame mwizi halisi wa London hiyo hiyo. Jack Sheppard alijifunza useremala, na mwaka 1724 alitoroka kizuizini mara nne. Mara ya mwisho, gereza la Newgate, alipanda ndani ya bomba la moshi, akavunja mlango mmoja baada ya mwingine gizani, akafika juu ya paa. Akaona ukuta ni mrefu. Akarudi njia yote ile, mpaka kwenye chumba alichotoroka, kuchukua blanketi lake la kushukia. Nikifikiria kurudi huko kwa ajili ya blanketi, mwili unanisisimka. Walimkamata tena, na Novemba 16 wakamnyonga Tyburn, uwanja wa kunyongea watu wa London, ana miaka 22. Umati uligombania maiti yake kwa kuogopa kwamba inapelekwa kwa madaktari kupasuliwa. Nao hofu yao haikuwa ya bure.

Kwa hiyo mfalme, mwizi na mzuka wote walikuwepo London, na mfululizo huu ungeweza kuwaweka meza moja. Badala yake unatuomba machozi kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule mwenye meno.

Sisi neno la mumia tunalo. Ndilo mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inasema ni dawa nyeusi kama utomvu iliyotoka Uajemi, lakini wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba uvumi wa mumiani ukianza mjini, watu hawatoki nje jua likishazama. Bibi yangu, Tanga, hakuhitaji kamusi. Magharibi ikiingia alikuwa anasimama mlangoni na kanga yake begani, anatuhesabu kwa kidole mmoja mmoja. Akikosekana mmoja, chakula hakipakuliwi. Alituambia habari za gari lisilo na taa, na za watu wa zimamoto waliochukua vijana usiku kuwatoa damu. Nairobi na Kampala nako walisimuliana hivyo hivyo. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo, akazichapisha kitabu kizima mwaka 2000.

Najua, uvumi ule uliwaponza pia wasio na hatia, na sitaki urudi. Lakini sikiliza unavyosimuliwa. Hakuna hata siku moja bibi alituambia mumiani anajisikiaje. Hatukujua kama ana upweke wala kama ana macho mazuri. Tulijua jina la kijana aliyepotea, mtoto wa nani, alitumwa nini dukani, na mama yake alimngoja mpaka saa ngapi. Hadithi ilikaa upande wa aliyenyonywa tangu mwanzo hadi mwisho, na iliposimuliwa chumba chote kilinyamaza.

Enyi mnaoandika fantasia za kihistoria kwa Kiswahili, na najua mpo, maana nawasoma, nawaomba mkae upande huo. Mnyonyeni mfalme kurasa, mpeni kijakazi.

Jana jioni nilikaa barazani na binti yangu huyu, tukafungua kitabu cha pili, tukatafuta kijakazi anaitwa nani. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akafika mwisho wa sura, akarudi mwanzo, akapitia tena. "Ma'mdogo, hawajamwandika jina." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mama yake alipewa mwili akazike.