Wakristo wa Kiinjili Marekani: Imani Moja, Kura Mbili

Juni 1998, kashfa ya uzinzi ya Rais Bill Clinton na Monica Lewinsky ikiwa imepamba moto, Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walikutana Salt Lake City wakapitisha azimio kuhusu maadili ya viongozi wa umma. Walionya kwamba jamii ikivumilia uovu mkubwa wa viongozi wake, dhamiri yake hufa ganzi, na mwisho wake ni hukumu ya Mungu. Hao ndio dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, na ni wa kiinjili, yaani Wakristo wanaosisitiza kuokoka na mamlaka ya Biblia. Mwaka 2016, takriban wapiga kura 8 kati ya 10 wa kiinjili walio weupe walimchagua Donald Trump.

Wengi wakiyaweka hayo mawili pamoja husema ni unafiki, basi, mjadala umekwisha. Nadhani wanaufunga mapema mno.

Hoja ya waliomchagua Trump ilielezwa vizuri na mwanatheolojia Wayne Grudem. Julai 2016 aliandika kwamba kumpigia Trump kura ni uamuzi mwema kimaadili, pamoja na kasoro zake zote, kwa sababu ya majaji atakaowateua na sheria atakazozisimamia. Wengine wakaongeza kwamba sharti la 1 Timotheo 3, mtu asiyelaumika, mume wa mke mmoja, ni la askofu, si la rais. Na Koreshi, mfalme wa Uajemi katika Biblia, hakumjua Mungu, lakini Mungu alimtumia. Oktoba ikavuja rekodi ya Trump akijigamba jinsi anavyowashika wanawake. Grudem akamtaka ajitoe. Siku chache baadaye akarudi palepale: kama huwapendi wagombea wote wawili, zipigie kura sera.

Na sera zilikuja. Juni 2022 Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973, watatu kati ya majaji watano walioifuta waliteuliwa na Trump. Kwa anayeamini kwamba aliye tumboni ni mtu kamili, hilo ni jambo zito, na waliokataa kumpigia Trump kura hawajalijibu vya kutosha. Kujiweka kando kuna gharama yake, na haki ingewataka waitaje.

Aliyeeleza vizuri zaidi upande huo wa pili ni mchungaji John Piper. Oktoba 2020 aliandika kwamba majivuno, matusi, uchochezi na uzinzi usiotubiwa huua pia, kwa kuwa watu huiga wakubwa wao. Hawezi kuitwa mliberali. Anapinga utoaji mimba, na mwaka 1991 yeye na Grudem walihariri pamoja kitabu kinachotetea uongozi wa wanaume katika ndoa na kanisa. Watu wawili wenye Biblia moja, msimamo mmoja kuhusu mwanamke na mwanamume, wakatengana penye sanduku la kura.

Kwangu mimi, hoja ya Grudem inasimama maadamu inabaki kwenye kura. Inaanguka pale mpiga kura anapogeuka mtetezi. Mfalme Daudi alipozini, nabii Nathani hakumtaka aache kiti cha enzi, lakini alimtazama usoni akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Wachungaji wengi waliopiga kura kwa shingo upande mwaka 2016 waliishia kunyamaza, na baadhi wakaanza kuuita udhaifu wa mtu huyo kuwa nguvu. Wangesema neno kama la Nathani, hakuna sera ambayo ingepotea.

Ugomvi kuhusu wachungaji wanawake nao haufuati mgawanyiko huo wa kumtaka au kumkataa Trump. New Orleans, Juni 2023, mchungaji Rick Warren aliwasihi wajumbe wa mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini walirudishe kanisa alilolianzisha, Saddleback, lililotengwa kwa kuwa na mchungaji mwanamke. Wakamkatalia kwa kura 9,437 dhidi ya 1,212. Ungedhani yameisha. Mwaka uliofuata, Indianapolis, pendekezo la kuingiza katazo la wachungaji wanawake kwenye katiba ya dhehebu lilipata takriban asilimia 61, pungufu ya theluthi mbili zilizohitajika. Wengi waliolipinga hawakuwa wanatetea wachungaji wanawake. Walisema utaratibu uliopo unatosha, na Mbaptisti hulinda uhuru wa kila kanisa kama sehemu ya imani yake.

Palipobaki jeraha ni kwenye taasisi ya dhehebu inayoshughulikia maadili na siasa. Russell Moore, aliyeiongoza na kumpinga Trump waziwazi, aliondoka mwaka 2021 baada ya miaka ya lawama na vitisho vya baadhi ya makanisa kuzuia michango. Kuondoka kwake hakukutuliza kitu. Dallas, Juni 2025, taasisi hiyo ikiendelea kupinga utoaji mimba kama siku zote, takriban asilimia 43 ya wajumbe walipiga kura ivunjwe.