Msiniambie Nimepona

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani Mbagala. Maziko yalikuwa yamekwisha, wanaume wamerudi wamekaa chini ya turubai, sisi wanawake tumejaa ukumbini. Mjane akaniita chumbani. Yuko eda, hatoki, sauti imemkauka kwa kulia. Akainama akavuta mfuko wa kaki chini ya kitanda, akaniwekea mapajani.

"Mwalimu, wewe na marehemu mlikuwa mnatumia dawa moja. Hebu angalia kama zitakufaa, zisiharibike bure."

Nikafungua. Karatasi nne za klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, hakuna kidonge hata kimoja kilichotobolewa. Atovastatini, ya kupunguza mafuta kwenye damu, boksi zima. Aspirini ilikuwa imetolewa vidonge sita tu. Juu ya boksi duka la dawa walikuwa wameandika tarehe kwa kalamu: mwezi Juni. Tulikuwa tumemzika Septemba.

Na tangu asubuhi nilikuwa nasikia maneno yaleyale kila kona ya msiba ule: jamani amekufa ghafla, mtu alikuwa ameshapona kabisa.

Neno hilo "ameshapona" ndilo lililoninyima usingizi tangu Jumamosi, na leo nitalisema hadi liishe.

Huyu kaka tulijuana kwenye benchi la kliniki ya moyo. Fundi wa madirisha ya aluminiamu, miaka 52. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47. Siku ya kwanza tu tulionyeshana vikovu vidogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale walipopitishia mrija ukapanda na mshipa mpaka moyoni. Yeye stenti moja, kile kijiwavu cha kushikilia mshipa uwe wazi, mimi stenti moja. Tangu siku hiyo ikawa kaka na dada, na mkewe nikamwita wifi.

Yangu ilianza kwenye taya. Ilikuwa Jumapili ya Novemba 2023, saa mbili usiku, nakuna nazi. Taya la kushoto likaanza kuuma kama jino bovu, maumivu yakashuka begani, jasho la baridi likanilowesha kanga, na kichefuchefu. Kifua hakikuchoma. Kilikuwa kizito tu, kama kuna mtu amekikalia. Nikaenda zahanati ya jirani nikasema nina gesi. Kijana wa zamu akanipa dawa za vidonda vya tumbo, nikarudi nyumbani. Nilimkasirikia sana baadaye, ila nikiri kwamba mimi ndiye niliyeingia mle na neno "gesi" mdomoni, na mwanamke wa umri wangu anayeumwa taya hamfikirishi mtu moyo. Alfajiri nilishindwa kumaliza udhu. Mtoto wa kaka yangu akanipakia kwenye gari, hospitali ya kwanza wakanipima umeme wa moyo, wakanipa aspirini ya miligramu 300 nitafune, wakanikimbiza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kabla ya saa nne asubuhi mshipa ulikuwa umezibuliwa.

Karibu saa kumi na nne tangu taya lianze. Msuli wa moyo ukikosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, wala haungojei asubuhi. Kipande changu kimekwenda, hakirudi. Kipimo cha eko kilionyesha moyo unasukuma asilimia 42 ya damu inayoingia chumba chake kikubwa, wakati moyo mzima husukuma kuanzia 55 hivi. Wageni waliokuja kuniona walishangaa, mbona ungali kijana. Mtu wa kwanza duniani kuzibuliwa mshipa wa moyo kwa puto, kazi ya Daktari Andreas Grüntzig mjini Zurich, Septemba 1977, alikuwa na miaka 38. Ugonjwa huu haujawahi kusubiri mvi.

Siku ya tatu niliruhusiwa. Nikafika nyumbani, majirani wamejaa, ubani umefukizwa, na wote wananiambia: alhamdulillah, umepona.

Sisi tumelelewa na malaria. Unaumwa, unapimwa, unameza dozi, dozi inakwisha, umepona, unarudi shamba. Neno letu la kupona lina mwisho ndani yake. Ukishalitamka, dawa haina kazi tena, na mtu anayeendelea kumeza vidonge baada ya kupona anaonekana ama ana wasiwasi ama ameshikwa na mazoea. Ndivyo tulivyoambiana tangu utotoni na kwa malaria ni sawa kabisa.

Kwa moyo neno hilo linaua. Stenti imefungua sehemu moja tu. Ule ugonjwa uliojaza mafuta kwenye kuta za mishipa bado upo, unaweza kuwa kwenye mishipa mingine pia, na kazi ya atovastatini ni kuuzuia usiendelee. Tena stenti yenyewe ni wavu wa chuma uliowekwa ndani ya mshipa, na damu ikigusa chuma hutaka kuganda. Inachukua miezi mpaka ngozi nyembamba ya mshipa ikue na kuufunika ule wavu. Miezi hiyo yote kinachozuia donge la damu lisiuzibe mshipa upya ni aspirini na klopidogreli, kila siku, bila kuruka. Mimi niliambiwa miezi 12 vyote viwili, kisha aspirini maisha yangu yote. Kaka naye aliambiwa hivyohivyo. Nilikuwepo, benchi lilikuwa moja.

Mwezi wa tano akanipigia simu kwa furaha. "Mwalimu, mimi nimepona. Jana nimepanda ghorofa ya tatu na fremu begani." Akanieleza kwamba nyumbani wamekaa wakashauriana, zile dawa zitamwozesha figo, na shemeji yake amemletea mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na asali kwenye chupa ya maji, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nikamwambia usiache vidonge, kaka. Akasema nitaangalia. Nami nikabadilisha mazungumzo. Niliona nikishikilia nitaonekana namwombea mabaya mtu aliyefurahi. Nimekuwa mwalimu kwa miaka 22, mtoto akikosea hesabu namrudisha ubaoni hata mara kumi. Mtu mzima aliyekuwa anakosea uhai wake nilimrudisha mara moja, nikanyamaza.

Sitasema nina hakika kilichomuua. Hakuna aliyempasua kuangalia. Wifi anasema alilala akilalamika kifua, akaomba maji ya moto, na kabla ya adhana alikuwa ameshakwenda. Mimi nimeona karatasi nne zisizotobolewa.

Kitunguu saumu nakila na nakipenda, pilau bila kitunguu saumu siijui. Waliompa hawakuwa na ubaya, walimpa kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayo hayawezi kushika damu isigande kwenye chuma, na anayemwambia mgonjwa wa moyo aache dawa za hospitali ajue kwamba anachukua dhamana ya roho ya mtu. Na habari ya figo, daktari hupima figo zetu kwa damu kila baada ya muda kwa sababu hiyohiyo, na dawa ikigoma hubadilishwa. Mimi enalaprili, dawa ya presha na moyo, ilinipa kikohozi kikavu kisichokoma, nikasema, nikabadilishiwa losatani, kikohozi kikaisha. Njia ya kulalamika ipo.

Kinachonitia uchungu ni kwamba nchi hii inajua. Tumeshajifunza jambo hili mara moja. Nakumbuka wakati watu wakizikwa kila wiki kwa UKIMWI, na nakumbuka ARV zilipoanza kupatikana. Mwanzoni nako waliacha, wakasema wamepona, wakazikwa. Leo nenda kliniki yoyote ya CTC, wanakotoa ARV, umuulize bibi aliyekuja na kitukuu wake. Anajua saa yake ya kumeza. Anajua akisafiri abebe dozi ya ziada. Anajua kwamba kuwa na afya na kuwa na ugonjwa vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na hakuna anayemwambia "umepona, acha". Tulifundishana redioni, misikitini, makanisani, kwenye magari ya matangazo na kwenye mikutano ya mtaa. Nani amewahi kusimama kwenye mkutano wa mtaa akaeleza klopidogreli ni nini?

Na ARV hazilipiwi. Hapa lazima niwe mkweli. Mimi ni mtumishi wa umma, nina kadi ya bima, nafika dirishani napewa dawa za mwezi. Kaka alikuwa fundi, kazi ikipatikana anakula, isipopatikana anakopa. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita Bungeni mwaka uleule niliougua, lakini yeye amezikwa hana kadi. Kidonge kikishindana na unga wa watoto, na watu wakikuambia umepona, kidonge kitashindwa. Ila zile karatasi nne alikuwa ameshazilipia.

Neno hili liliniponza mimi pia, na zamani. Mimba yangu ya mwisho, nina miaka 34, nilipata presha ya ujauzito. Miguu ilivimba, kichwa kiliuma mpaka naona nyota, nikapasuliwa kabla ya siku zangu. Mtoto akatoka salama, presha ikashuka, nikaambiwa nimepona, kadi ya kliniki ikafungiwa kabatini. Nimekuja kujua nikiwa na stenti kifuani kwamba mwanamke aliyepata presha ya ujauzito ana hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo miaka mingi baadaye, na kwamba nilipaswa kupimwa presha kila mwaka. Miaka 13 sikupima. Dada yangu unayesoma hapa, kama ulivimba miguu na kupasuliwa kwa ajili ya presha, tafadhali kesho nenda kapime. Ikifika 140 kwa 90, usikae nayo.

Maisha yenyewe baada ya hapo yana uzito ambao hauonekani kwa wageni. Bisoprololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, imenipunguza mwendo, vidole vinapoa kama nimeosha samaki wa barafu. Nikigonga mguu kitandani panabaki alama ya bluu wiki nzima, ndiyo kazi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Ndoo ya lita ishirini siinui tena kichwani, na wiki za mwanzo nilimwona binti yangu akiinua nikajisikia nimekuwa mzigo ndani ya nyumba yangu. Usiku nililala nasikiliza mapigo kwenye mto, likichelewa moja nakaa kitako. Nililia sana, bila sababu ninayoweza kuitaja, na daktari akaniambia huzuni baada ya shambulio la moyo huwapata wengi, nisiifiche. Ramadhani sikufunga. Nililipa fidia, na jioni nilikaa na wenzangu kwenye futari huku nimeinamisha uso, ingawa ruhusa ya mgonjwa naijua vizuri kuliko wanafunzi ninaowafundisha. Chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa siku, nyumba nzima. Wanangu wamezoea, mume wangu anakula bila kusema neno, na namshukuru kwa hilo.

Nazi ndiyo iliyoniumiza. Mtu wa Tanga kuambiwa apunguze tui! Siku hizi nachuja la pili, jepesi, na Ijumaa tu.

Natembea. Kiwanja cha mpira cha shule, nilianza na raundi moja nikapumzika katikati. Sasa ni nane, kabla kengele haijalia.

Nawaombeni kitu kimoja tu. Mkimtembelea mgonjwa wa moyo, muulizeni "unaendeleaje?" Kiswahili kilishatupa salamu hiyo. Ina nafasi ya mtu anayetembea raundi nane na bado anameza vidonge vitano. Kisha muulizeni kama leo amemeza dawa. Mtaonekana mnaingilia. Ingilieni. Mimi niliona haya mara moja tu, kwa mtu mmoja, na Jumamosi nilimwona akitolewa kwenda kuzikwa.

Mfuko wa kaki nimeuchukua. Dawa ya mtu mwingine siwezi kuimeza, lakini sikutaka ubaki pale ukapewa jirani mwenye kifua. Jumatano nina kliniki, nitaukabidhi dirishani. Chini kabisa ya mfuko mlikuwa na kadi yake ya kliniki. Amepangiwa tarehe 17 Julai, saa mbili asubuhi, na mahali pa saini hapana kitu. Wifi ameomba nimrudishie hiyo kadi, kwa sababu ina picha yake.