Ukumbi Mwingine wa Harusi, Asanteni

Jumamosi rafiki yangu kanivuta mpaka Ilala. "Twende, ile shule siku hizi ni ukumbi wa muziki." Shule yenyewe siitaji. Ilikuwa ya binafsi, wanafunzi wakapungua, ikafungwa, popo wakasoma humo miaka kadhaa bila ada. Nikaenda na moyo mweupe. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni tano mjini hapa, lakini ukitaka kumsikiliza mtu na gitaa lake lazima uagize nusu kuku na ushindane na televisheni ya mpira.

Nikakuta dari la jipsamu, taa za zambarau, viti vimevishwa magauni, na jukwaa la maharusi limejengwa kwa zege kabisa, lisije likahamishika. Bendi inakaa wapi? Meneja akanijibu kwa upole, "Usijali kaka, tutawasogezea meza."

Tutawasogezea meza!

Waliojenga yale madarasa walijua joto la Dar. Madirisha pande zote mbili, paa juu, baraza ndefu. Upepo wa pwani unaingia huku, unatokea kule. Hawa wameyaziba yote kwa tofali ili wafunge kiyoyozi. Sasa ukigonga ngoma mle ndani, mlio unapiga plasta na kurudi kukudai. Na nje wana uwanja wa paredi, umezungukwa na madarasa pande tatu, katikati mwembe. Nani atakupa jukwaa kuliko hilo? Wameliwekea paving, wanaegesha magari. Unguja watu wanacheza kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, juu ni mbingu, tangu 2004, na sijasikia aliyelalamikia ukosefu wa jipsamu. Tusiende mbali: kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni walichukua maghala, wakayaacha yaonekane maghala, na sanaa inaendelea.

Haya, harusi inalipa. Najua. Tamasha la watu sitini haliwezi kulipa umeme wa mwezi. Majirani nao wana haki ya kulala, sibishi. Lakini harusi ni Jumamosi, mkijitahidi na Ijumaa. Alhamisi ukumbi unamlindia nani vumbi? Bendi ya Sikinde wako kazini tangu 1978, na bado wanamuziki wa dansi mji huu wanabeba vyombo baa hadi baa kama wachuuzi.

Wakati wa kutoka nikatafuta kengele. Mnaijua: rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti, inagongwa kwa nondo, mtaa mzima unajua ni saa nne, uji. Kwenye tawi imebaki alama ya waya tu. Nikamuuliza mlinzi.

"Ile? Walipita watu wa vyuma chakavu."

Sauti pekee iliyokuwa ya moja kwa moja pale, wameipima kwa kilo.