Kabla ya kumkata kijana mshahara, kitizameni kisu

Wiki jana nilishuka Malindi kutafuta gundi na vifungo vya shaba, na kabla sijapanda basi la kurudi Mokowe nikapita karakana moja ya mabegi ambayo nimewahi kuiuzia ngozi. Sitaitaja jina na msiniulize. Nimeingia tu mlangoni namkuta kijana wa mashine ya kupunguzia ngozi, ile inayokwangua kingo ziwe nyembamba zikunjike, amekaa juu ya debe, kichwa chini, na chini ya miguu yake mikanda ya mabegi kama ishirini hivi imechanika kingo, mingine imetobolewa kabisa, mingine imekunjamana kama iliyotafunwa na punda.

Namuuliza kulikoni, ananijibu bila kuinua uso, "Imekula tena, ami."

Bosi akatokea ndani. Akanisalimia vizuri, akaniulizia habari za Lamu, halafu akaanza kushtaki. Huyu mkono wake mzito. Huyu nimemwonyesha mara ngapi. Mwezi huu nimemkata elfu moja na mia tano, na mwezi ujao namkata tena kwa hii mikanda, ngozi yangu si ya bure.

Nikauliza swali moja tu, hiki kisu kinachozunguka ndani ya mashine kimenolewa lini mara ya mwisho? Bosi akamtizama kijana, kijana akamtizama bosi. Hakuna aliyejua. Mashine imefanya kazi tangu Ramadhani iliyopita, ngozi nzito ya ng'ombe kila siku, na hakuna hata mtu mmoja aliyeliteremsha lile jiwe la kunolea likagusa kisu. Jiwe limo ndani ya mashine yenyewe, limewekwa pale na aliyeiunda ili kisu kinolewe papo hapo bila kufunguliwa, na rangi ya kiwandani bado iko kwenye kitasa chake!

Nilihisi moyo unaniwaka jamani, na mpaka leo haujapoa ndio maana naandika.

Nikamwomba bosi ruhusa nikachomoa waya ukutani. Hilo la kwanza, waya utoke ukutani, usiniambie umezima swichi, kile kisu hakichagui ngozi na kidole. Nikafungua kifuniko. Vumbi la ngozi limeshindiliwa mle mpaka rola inayoivuta ngozi inazunguka kwa taabu. Nikamulika makali kwa tochi ya simu. Makali mazima hayaonekani kwenye mwanga, hayana pa kurudishia nuru, lakini haya yalikuwa na mstari mweupe unaong'aa duara nzima, na mahali pawili pana pengo ambapo kisu kiligonga mguu wa mashine, kile chuma kinachoigandamiza ngozi kutoka juu. Halafu ndio nikaona balaa lenyewe. Kati ya ncha ya kisu na mguu pana nafasi karibu milimita mbili. Mbili! Pale panatakiwa nafasi ya nusu milimita au chini ya hapo. Sasa ngozi ikiingia inafanya nini? Mbele kuna kisu butu kinaisukuma badala ya kuikata, nyuma rola inaivuta, na katikati kuna pengo, basi inajikunja ikaingia kwenye pengo ikachanika. Hata ungemketisha pale fundi wa miaka 40 matokeo ni yaleyale.

Na mtu alikuwa ameona ngozi haikatiki, akafanya nini, akaukaza mguu ugandamize zaidi. Hii tabia naijua sana. Kisu kikikataa tunaongeza nguvu, kikikataa tena tunaongeza nguvu, mpaka kitu kivunjike.

Tukaanza mimi na kijana. Vumbi kwanza, lote, kwa brashi na kitambaa, na hili si suala la usafi tu, jiwe likigusa kisu linatoa cheche na vumbi la ngozi linashika moto wa chinichini usiouona mpaka moshi utoke. Kisha nikamwambia azungushe kwa mkono asikilize. Rola na kisu vinatakiwa vikae jirani sana lakini visigusane, vikigusana utasikia kama mkwaruzo, na hapo kila mzunguko unayaua makali unayotaka kuyatengeneza. Yake haikugusa, alhamdulillahi.

Halafu tukakileta kisu mbele. Hiki ndicho watu wengi hawakijui kabisa: kila ukinoa, chuma kinaliwa, kisu kinafupika, kwa hiyo lazima ukifuate kwa kile kitasa cha kukisogeza, la sivyo pengo linakua kila wiki. Nilipimia karatasi, karatasi ya kawaida ya fotokopi unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, weka nne pamoja, ziingie kati ya kisu na mguu kwa kubana kidogo bila kuchanika. Pima kulia, pima kushoto. Kama kulia zinaingia na kushoto zinakwama basi mguu umekaa upande, utapata mkanda mnene huku na mwembamba kule na utalaumu ngozi.

Kunoa sasa. Nilimtia yule kijana hamu kwanza kwa maka peni, nikachora wino mweusi kwenye ule mteremko wa makali duara nzima, tukawasha, tukaliteremsha jiwe taratibu mpaka tukaona cheche ndogo, sekunde chache tu, tukalirudisha, tukazima. Ukitizama wino umefutika wapi unajua jiwe linagusa wapi. Kwetu ulifutika nyuma ya mteremko tu, kwenye ncha wino umebaki, maana yake jiwe halijafika kwenye makali yenyewe. Tukarudia. Kugusa, kutoa, kutizama. Usilibane jiwe pale dakika nzima ukaenda kunywa chai, kisu kinapata moto, na chuma kikigeuka buluu ujue ugumu wake umekwenda na hakishiki makali tena. Mara ya sita au ya saba wino ukafutika mpaka mwisho.

Na bado hujamaliza! Jiwe linanoa upande mmoja, na upande wa pili kunabaki kile kinyuzi cha chuma kilichopinda, ukipitisha ukucha taratibu, mashine ikiwa imesimama na waya uko nje, unakihisi. Kinyuzi kile kisipotolewa ngozi itakatika vizuri mikanda mitatu halafu itaanza kuchanika, na mtu atasema kunoa hakusaidii. Kinatolewa kwa kijiti kigumu cha kunolea, unakigusisha kidogo sana upande wa pili kisu kikiwa kinazunguka, mkono umeegemea mahali imara. Halafu jiwe tena mguso mmoja mwepesi. Halafu karatasi zako nne tena, kwa sababu tumeshasema chuma kinaliwa.

Saa moja na nusu ilituchukua.

Kisha nikamwambia kijana, pitisha wewe. Sikutaka kupitisha mimi maana bosi angesema ah, huyu fundi mkubwa, mkono wake mwepesi. Tukaanza na kipande cha kutupa cha ngozi ileile, uso juu, upande wa nyama chini. Ikatoka. Akapitisha mkanda. Mabaki yakatoka chini utepe mmoja mrefu usiokatika kutoka mwanzo wa mkanda mpaka mwisho, na kingo imelala kama imepigwa pasi. Akapitisha kumi na mbili, sikuona hata mmoja uliochanika. Kijana yuleyule, mkono uleule mnaouita mzito, ngozi ileile.

Sasa nawaambia wenye karakana wote wa hapa pwani, na nasema kwa moyo mweupe kwa sababu wengine wenu ni ndugu zangu na tumekula pamoja. Kumkata mtu pesa kwa mashine ambayo hujainoa ni dhulma. Sina neno jepesi zaidi. Yule kijana hakuichagua ile mashine, hakuiseti, hakuna aliyemwonyesha jiwe liko wapi, na anaogopa hata kuligusa kwa sababu akiliharibu atakatwa tena. Amewekwa mbele ya kitu kinachoharibu kazi, akaambiwa kazi ikiharibika ni yako. Elfu moja na mia tano kwa mtu anayelipa chumba na kutuma nyumbani si kitu kidogo. Na baya kuliko pesa ni kwamba alikuwa ameshaamini. Aliniambia tukiwa wawili tu, "Ami, mimi naona hii kazi sikuumbiwa." Mtoto ana mikono mizuri, nimeona mishono yake, na alikuwa karibu kuacha kwa sababu ya pengo la milimita mbili.

Ukinunua mashine umenunua na kazi ya kuitunza, na kazi hiyo ni ya mwenye mashine mpaka atakapomfundisha mtu na kumpa muda wa kuifanya. Muda wa kulipwa. Nusu saa asubuhi kabla kazi haijaanza, si baada ya saa za kazi.

Haya, mtaniambia wapo vijana wanaoharibu kweli. Wapo. Wanasukuma ngozi kwa nguvu wakati rola inavuta yenyewe, mkono kazi yake ni kuongoza tu kingo ifuate ukuta mdogo wa pembeni wa mashine, au wanapitisha vipande viwili vya unene tofauti bila kubadili mguu. Nakubali. Lakini noa kwanza, seti kwanza, halafu ndio umpime mtu. Kabla ya hapo unapima kisu chako.

Na wale wanaosema mashine zote hizi ni upuuzi, wazee walitumia kisu cha mkono, hapo nina la kusema. Mimi nimefunzwa kwa mkono, hapa hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, juu ya kipande cha marumaru, napunguza kingo za kanda za makubadhi. Na ukitaka asili ya kazi hii kwetu nenda Siyu, kule Pate, mji uliojulikana kwa mafundi wa ngozi na kwa watu walionakili misahafu kwa mkono, na kitabu hakijalidiwi kwa ngozi nene, lazima kingo zipunguzwe ndio zikunjike juu ya jalada. Lakini wale wazee mnaowataja walikuwa wananoa. Yule aliyenifunza alikuwa akipunguza kanda mbili tatu anapitisha kisu kwenye kinoo, anarudi, na mimi mtoto nilikuwa nachoka nikidhani anapoteza wakati. Siku moja akaniita, "Ndoo ushike," yaani njoo ushike, akanipa kisu chake na changu nikate ngozi moja kwa vyote viwili. Hakusema kitu kingine. Kwa hiyo msiwatumie wazee kuitukana mashine. Kwa makubadhi jozi mbili kwa siku kisu cha mkono kinatosha sana, kwa mikanda mia ya mabegi hakitoshi.

Mengine kwa kifupi. Hewa yetu ya chumvi, ukifunga kazi Alhamisi jioni na Ijumaa hufungui, Jumamosi kisu kina kutu, paka mafuta kidogo kwenye chuma lakini yasifike kwenye jiwe wala rola. Ngozi laini zilizolainishwa kwa dawa ya kromu zinanyumbuka, zinataka makali zaidi kuliko zile ngumu zilizolainishwa kwa magome ya miti. Jiwe likijaa uchafu likawa laini linateleza bila kunoa, lisafishwe uso. Na wauzaji mnaoleta hizi mashine na kitabu cha Kichina tupu, mpeni mnunuzi hata saa moja ya kumwonyesha, haiwapunguzii kitu.

Kuna mtu Malindi aliniambia mashine kama hiyo aliiuza skrepu kwa kilo. Sikuweza kumjibu.

Juzi kijana amenipigia. Jiwe limeanza kulia na cheche zimepungua, afanye nini. Nikamwambia lisafishe, na kabla sijamaliza akasema, "Vumbi nimeshatoa ami, na waya uko nje." Nikamuuliza mikanda vipi, akasema wiki nzima umeharibika mmoja, nao ulikuwa na kovu la kupe.

Nikamuuliza na ile elfu moja na mia tano. Bado hajarudishiwa.